Kuosha Gari Mombasa Bila Kusuuza: Ndoo Moja, Chupa ya Kupuliza au Mpira wa Maji?

Chukua sahani nyeusi, uiweke kibarazani juani. Upande mmoja dondosha kijiko cha maji ya kisima, katikati kijiko cha maji ya bomba, na upande wa tatu kijiko cha yale maji yanayotoka kwenye kiyoyozi. Kisha nenda zako ukanywe chai. Mimi niliporudi nilikuta maji ya kisima yameacha duara jeupe, nene pembeni, na nilipolipitishia kidole likakwaruza kama chumvi iliyomwagika mezani. Maji ya bomba yaliacha mviringo mwembamba, usioonekana mpaka uinamishe sahani. Ya kiyoyozi yalishakauka yakaenda zao. Ilibidi nikumbuke niliyadondosha wapi.

Sahani hiyo ndiyo iliyoniachisha mpira. Gari langu ni Toyota Fielder nyeusi, na kwa miaka miwili nilikuwa nikiliogesha kila Jumamosi kwa maji ya kisima cha ploti yetu hapa Tudor. Maji mengi, ya bure, hadi yanatiririka getini. Gari likikauka linatoka madoadoa kama lina ugonjwa wa ngozi. Nikadhani ni sabuni, nikabadilisha sabuni mara tatu. Kumbe kila Jumamosi nilikuwa nafunga kazi kwa kulipaka gari chokaa na chumvi.

Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yanayopita kwenye matumbawe hutoka na chokaa yake. Ukisogea karibu na bahari, chumvi nayo huongezeka. Ndiyo maana visima vingi vya kisiwani, na vya ufuoni upande wa Nyali na Bamburi, hutoa maji ya kufulia na kupigia deki, lakini chai yake haimezeki. Maji matamu hutujia kutoka mbali: Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950, Baricho, kando ya mto Sabaki, Marere, kule Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Na yakifika, hayafiki kila siku, kila mwenye tangi juu ya paa anajua. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anayetaka kuosha gari nyumbani ana maji mengi mabaya na maji mazuri machache. Uingereza watu huikumbuka njia ya kutosuuza kampuni za maji zinapopiga marufuku mipira wakati wa ukame, au baridi ikiwa kali hadi vidole vinakufa ganzi. Sisi inatufaa mwaka mzima, kwa sababu kusuuza kwetu mara nyingi ndiko kunakochafua.

Mambo mawili ambayo watu huyachanganya

Kuosha bila kusuuza na kuosha bila maji ni kazi mbili tofauti, na dukani utauziwa moja ukidhani ni nyingine.

Bila kusuuza, ndoo ipo. Ndani yake kuna maji lita saba na nusu hivi na dawa kidogo mno. Taulo inaloa, inapita kwenye bodi, taulo nyingine inakausha, mambo yameisha. Bila maji, hata ndoo haipo: ni chupa ya kupuliza, unapuliza dawa kwenye mlango, unafuta, unageuza kitambaa, unafuta tena.

Dawa ya ndoo inayojulikana zaidi ni Optimum No Rinse ya Marekani, ambayo wapenzi wa magari huiita ONR kwa kifupi. Kipimo chake cha kuoshea ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 256 za maji, yaani mililita 30 kwa lita 7.5. Vijiko viwili vya mezani kwenye ndoo. Siku ya kwanza niliona ni mzaha. Maji yaliingia ubuluu kidogo, nikayakoroga, nikangoja povu, povu halikuja. Sisi tumelelewa na povu. Mtu akiosha kitu pasi na povu tunahisi ametupunja. Lakini povu ndilo linalodai kusuuzwa. Dawa hii inafanya kazi kwa polima zinazoishika chembe ya vumbi, zikaizunguka na kuifanya iteleze, ili taulo iibebe na kwenda kuiacha ndooni badala ya kuiburura juu ya rangi. Mabaki yake yakikauka ni machache na hutoka kwa taulo kavu. Shampuu ya kawaida ukiitumia namna hiyo itaacha utando unaonata, na vumbi la jioni litakuja kuketi hapo hapo. Kuna jamaa alijaribu kuokoa pesa kwa sabuni ya vyombo, akalikausha bila kusuuza. Gari lilikuwa na michirizi kama dirisha la matatu.

Dawa ya chupa nayo ina ulainisho mzito zaidi kwa sababu haina ndoo ya kupokea uchafu. Uchafu wote unaishia kwenye kitambaa ulichoshika. Hapo ndipo penye hatari yake, nami nitaparudia.

Kwa nini mikwaruzo inanikosesha usingizi? Juu ya rangi ya gari la kisasa kuna tabaka la vanishi ambalo mafundi wa rangi huliita klia. Unene wake ni mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa binadamu ni kama 70. Mng'ao wote unaouona kwenye gari la harusi uko ndani ya kitu chembamba kuliko unywele, na kila chembe ya mchanga inayoburutwa inakula kidogo. Simama nyuma ya gari jeusi saa saba mchana, uangalie mwanga wa jua kwenye buti: ile mizunguko midogo midogo kama utando wa buibui haikuletwa na barabara, imeletwa na vitambaa.

Uchafu wa leo ni upi?

Hili ndilo swali ninalouliza kabla ya kuchagua njia, na majibu ya Mombasa ni manne au matano tu.

Kwanza chumvi. Huioni, lakini ipo. Chumvi ya bahari huanza kunyonya unyevu hewani na kuyeyuka yenyewe unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na usiku wa hapa hufika huko bila taabu. Ukiegesha Kizingo au Nyali jioni, asubuhi gari lina jasho. Adhuhuri jasho limekauka, chumvi imebaki, na kesho mchezo ni ule ule. Habari njema ni kwamba chumvi huyeyuka kwenye maji, basi taulo iliyoloa vizuri huibeba yote. Ndoo ya kutosuuza hapa haina mpinzani, mradi maji ya ndooni yenyewe yawe matamu. Dawa haikuondolei jukumu hili: ukiichanganya na maji ya kisima cha chumvi utakuwa umerudi kwenye sahani yangu ya kwanza.

Pili vumbi la kawaida la mjini, hasa miezi ya kaskazi, lile linalokuwezesha kuandika jina kwenye kioo cha nyuma. Ndoo hulimaliza. Chupa ya kupuliza hulimaliza pia likiwa jepesi, la siku moja au mbili. Likiwa zito kiasi cha kuandikika jina, chupa iache.

Tatu kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu hawakuzaliwa hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na tangu hapo wametapakaa pwani nzima. Chini ya mwarobaini au mkungu, kunguru wanane wakilala juu ya gari lako, asubuhi una kazi. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, na jua la hapa linaioka kwenye klia. Kikikaa siku mbili tatu unaweza kukiosha kikatoka na alama yake ikabaki, duara lililofifia lisilotoka hata kwa polishi ya mkono. Hapa kasi ni bora kuliko usafi kamili, na hapa ndipo chupa ya kupuliza inashinda kila kitu. Mimi naiweka kwenye mlango wa dereva. Nalowesha doa, naweka kitambaa kilicholoa juu yake dakika mbili lilainike, kisha nalinyanyua kama unavyonyanyua mende kwa karatasi. Usisugue, kunguru hula kila kitu jalalani, humo ndani mna mchanga na vipande vya maganda ya mayai.

Nne ni kivuko. Wanaovuka Likoni kila siku wanajua siku za bamvua: maji yamejaa hadi kwenye gati, na gari linapita juu ya maji ya bahari yenyewe. Chumvi hiyo inakwenda chini, kwenye mapaja ya magurudumu na mikono ya shokamzoba. Taulo haifiki huko. Hakuna dawa ya kutosuuza itakayokuosha chini ya gari, na muuzaji akikwambia tofauti, mshukuru uondoke.

Tano, tope. Jina Dongo Kundu limeshasema kila kitu. Mtu anayetoka huko mvua za masika, au anayeshuka kutoka Kinango, analeta udongo mwekundu uliokauka milangoni kama plasta. Gari hilo usiliguse kwa taulo yoyote, iwe na dawa gani. Lipeleke likapigwe maji ya presha kwanza.

Mlango mmoja kwa karibu

Watu husoma maelezo ya njia hii wakadhani ni kulifuta gari tu. Tofauti iko kwenye mikono, basi niueleze mlango mmoja wa Jumamosi iliyopita.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijaruka ukuta. Bodi ni baridi; ukiweka kiganja haikuchomi. Ndoo ina maji ya kiyoyozi yaliyochanganywa na ya bomba. Kwa unyevu wa hapa kiyoyozi cha chumbani kikifanya kazi usiku kucha hutoa lita kadhaa, na watu huyaacha yakidondokea vichwa vya wapita njia wa chini. Yale ni maji yaliyotoka hewani, hayana chokaa. Yakusanye kwenye mtungi. Wenye nyumba za zamani zenye birika la maji ya mvua wana utajiri huo huo.

Ndani ya ndoo kuna taulo nane za mikrofaiba, zote zimezama tangu mwanzo. Hili ni muhimu kuliko dawa yenyewe. Wengine hutumia sponji moja na kuirudisha ndooni. Mimi taulo ikishatoka hairudi. Nakunja moja mara mbili, inakuwa na nyuso nane. Siikamui sana, iwe inachuruzika kidogo.

Kabla ya kugusa mlango, naupuliza kwa chupa yenye maji yale yale ya ndooni, kuanzia juu hadi chini, naacha dakika moja vumbi lilainike. Halafu taulo inapita nusu ya juu, mstari mmoja kutoka bawaba hadi kitasa, bila kukandamiza. Uzito wa taulo unatosha. Nageuza uso. Mstari wa pili. Nageuza. Nusu ya chini ya mlango ndiyo chafu kuliko zote, kwa hiyo inakuja mwisho na nyuso mbili zilizobaki. Uso wa kwanza ulitoka na kijivu chepesi. Wa mwisho ulitoka mweusi na vichembe vinavyometameta. Vile vinavyometa ndivyo ambavyo sponji ingevirudisha kwenye mlango wa pili.

Kisha taulo ya kukaushia, kubwa na nene, inatandazwa juu ya mlango na kuvutwa taratibu. Mlango umekauka kabla sijagusa ule mwingine. Usiloweshe gari zima halafu ukaanza kukausha. Upepo wa hapa utakutangulia.

Mzee wa nyumba ya chini alisimama akanitazama, mswaki mdomoni.

"Mwanangu, hilo gari unaliosha ama walipaka mafuta?"

"Naliosha, ami."

"Kwa maji ya kifuu?"

"Maji ya kifuu, ami, bahari ya chungu."

Akacheka, akaenda zake kufungua mpira. Mimi nilimaliza kwa dakika arobaini, na chini ya gari palikuwa na unyevu wa kulowesha jogoo miguu tu. Kwa wanaokaa fleti hilo si dogo. Wenye nyumba wengi wamekataza mipira kwa sababu ya mafuriko ya paking na ugomvi wa bili, lakini mtu na ndoo yake hakuna anayemuuliza.

Magurudumu huja mwisho kabisa, kwa taulo kongwe ambazo hazitarudi kwenye bodi maisha yao yote. Vumbi la breki lina chuma ndani yake.

Na taulo ikianguka chini? Imestaafu. Itafuta rimu, au itakwenda jikoni. Usibembelezane nayo. Nyingine zioshe peke yake kwa sabuni ya maji, bila ile dawa ya kulainisha nguo inayonukia maua, maana huziba nyuzi na taulo inaanza kusukuma maji badala ya kuyanywa. Usizichanganye na kanga wala mataulo ya pamba. Mikrofaiba hung'ang'ania kila uzi unaopita.

Chupa ya kupuliza: nzuri kwa dakika kumi, mbaya kwa saa nzima

Nimeitumia kwa gari zima mara tatu. Mara mbili ilikuwa sawa. Mara ya tatu nilikuwa na haraka ya kwenda harusini Kisauni, gari lilikuwa na vumbi la siku tano, nikajiambia nitapuliza kwa wingi. Nilipofika kwenye boneti kitambaa kilikuwa kimeshajaa, na niliusikia ule mlio. Mchanga una sauti yake chini ya kitambaa, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. Nikaendelea, kwa sababu mtu mwenye haraka haachi. Mikwaruzo ile bado iko kwenye boneti, ukija nitakuonyesha.

Basi msimamo wangu ni huu: chupa ni ya kunguru, ya alama za vidole kwenye buti, ya vioo, ya gari lililolala ndani ya gereji likapata vumbi la kupuliziwa. Tena inahitaji vitambaa vingi kuliko ndoo, si vichache, kwa kuwa hakuna kinachokwenda kwenye maji. Anayeuziwa kwa tangazo la "chupa moja, kitambaa kimoja" ameuziwa mikwaruzo.

Ukishakuwa na ONR huna haja ya kununua chupa ya pili. Sehemu 1 kwa 16 za maji inakuwa dawa ya kupuliza ya kung'arishia na kuondolea alama ndogo. Changanya kidogo kidogo, kwa maji ya kiyoyozi, na usiache mchanganyiko miezi ndani ya gari lenye joto.

Mpira na vijana wa presha

Nisiwaonee. Maji ya kutiririka yana kazi ambayo taulo haiwezi: yanaondoa mchanga bila kugusa. Mwenye kisima cha maji matamu, kivuli, na nafasi ya kukausha haraka, hana sababu ya kubadili dini. Ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glovu, kisha mpira, ni njia salama kuliko zote kwa gari chafu. Tatizo ni hilo neno "matamu".

Ukiwa huna ila kisima cha chumvi, kuna njia ya katikati niliyoipenda: piga tope kwa mpira wa kisima, kisha, gari likiwa bado limeloa, maliza kwa ndoo ya maji matamu yenye dawa na ukaushe hapo hapo. Maji ya kisima hayapati nafasi ya kukauka. Inachosha, lakini kwa gari la Dongo Kundu ni rahisi kuliko kwenda foleni.

Vijana wa presha barabarani wanaosha vizuri chini ya gari, na kwa anayevuka kivuko nasema awaendee mara moja kila wiki mbili, amwambie kijana, "Kaka, nipigie chini tu, juu nitamaliza mwenyewe." Atakutazama kama umepagawa, lakini atapiga. Ya juu ndiyo yenye matatizo. Mahali nilipokuwa naenda palikuwa na ndoo moja ya sponji iliyohudumia matatu, pikapu ya kokoto na gari langu, kwa mpangilio huo huo. Sabuni ilikuwa ya unga, ya kufulia. Sabuni ya kufulia ni kali ya kutosha kung'oa nta yote uliyopaka, na mchanga wa pikapu ulifanya mengine. Waulize maji yao yanatoka wapi. Wakisema kisimani na jua ni la saa saba, rudi nyumbani.

Kuna njia ya tano ambayo hakuna anayeiandika ila kila mtu anaitumia: kitambaa cha soja. Asubuhi soja wa geti, kwa wema wake na kwa chai ya shilingi hamsini, anapangusa magari yote ya ploti kwa kitambaa kimoja kikavu, au kilichoguswa maji kidogo. Ni mchanga mkavu juu ya klia kavu, kila siku ya Mungu. Katika yote niliyoyataja, hili ndilo linaloharibu zaidi. Mpe chai yake, mwambie gari lako aliache. Mimi ilinichukua wiki tatu kumshawishi, alidhani nimemkasirikia.

Pesa

Chupa ya ONR ya mililita 946, ukitumia 30 kila mara, ni mara 31. Gawanya bei uliyouziwa kwa 31 ndiyo gharama yako ya dawa. Dukani kwa wauza urembo wa magari huwa haipatikani kila siku, wengi huagiza Nairobi. Dawa ya kupuliza iliyo tayari huisha kwa magari matatu au manne, kwa hiyo kwa kuoshea gari zima ni ghali hata kama bei ya chupa inaonekana ndogo.

Maji: ndoo na chupa ya kulowesha havizidi lita 10, nusu ya mtungi. Mpira wa kawaida hutoa lita 10 hadi 15 kwa dakika, basi dakika kumi tu ni mitungi mitano au zaidi. Ukiwa unanunua kwa mkokoteni, tuseme shilingi 30 mtungi, ni 15 dhidi ya 150 na ushee. Bomba likikauka mji mzima bei hiyo utaikumbuka kwa mapenzi.

Gharama iliyofichika ni taulo. Kumi za kuanzia, na mbili kubwa za kukaushia. Usinunue zile nyembamba za rangi ya njano zinazouzwa kwenye taa za barabarani. Zina pindo gumu la nailoni linalokwaruza. Ukizipenda kwa bei, kata pindo kwanza.

Nani achukue ipi

Gari la rangi ya giza, linalolala nje mjini, linalotembea lami: ndoo ya kutosuuza kila wiki, chupa mlangoni kwa ajili ya kunguru. Sioni mjadala.

Gari la mtu wa Likoni au la anayeshuka ufuoni na familia Jumapili: ndoo kwa juu, presha kwa chini, na usivigeuze.

Gari la mashambani, la kubeba mchanga, la masika: mpira au presha kwanza, kila mara.

Anayekaa ghorofa ya nne pasipo mahali pa kuegesha kwenye kivuli ana kazi ngumu. Afanye alfajiri, robo gari kwa siku ikibidi. Njia hii inaruhusu hilo, kwani kila kipande kinakauka peke yake. Kwa mpira ukiosha robo gari majirani watakutafutia mganga.

Ukiwa umepaka nta au dawa ya kulinda rangi ndani ya miezi mitatu iliyopita, kila njia hapa inakuwa nyepesi kwa nusu. Vumbi halishiki sana.

Na kuna gari la ami wa nyumba ya chini. Ni Probox nyeupe iliyobeba samaki kutoka Mtwapa tangu sijahamia hapa. Klia yake ilibanduka zamani kwenye boneti na paa, iliyobaki ni rangi kavu kama ukuta. Kila Jumamosi analipiga mpira wa kisima dakika ishirini, analiacha likauke lenyewe, madoa yote yanapotelea kwenye weupe. Juzi aliniuliza kama na yeye anunue hiyo dawa ya vijiko viwili. Nilimwambia, "Ami, wewe hifadhi pesa yako, ila nilipie lita mbili za maji ya kiyoyozi uwe unafutia vioo." Amekubali maji. Kulipa bado.